Umeme wa Upepo Nchini Kenya: Upepo, Waya na Ardhi

1.0 Utangulizi

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tano hadi mwezi wa tisa, upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya Ziwa Tanganyika na kuyasukuma maji ya juu kuelekea pembe ya kaskazini, uliko mji wetu wa Uvira. Mvuvi huufahamu upepo huo kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ndio unaoamua kama mtumbwi utatoka au utabaki mchangani. Katika majira hayohayo, umeme unapokatika, wanafunzi wetu husoma kwa mshumaa au kwa taa ya betri. Swali nililoulizwa darasani zaidi ya mara moja ni hili: kwa nini upepo unaoweza kupindua mtumbwi usiweze kuwasha taa?

Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kusema tu kwamba tumechelewa. Mwandishi wa makala haya ni mwanaisimu, si mhandisi, wala hakusudii kuingilia kazi ya wenye fani. Hata hivyo, jambo linalozungumzwa kwa Kiswahili kila siku linastahili kuelezwa kwa Kiswahili, na mfano wa kulieleza upo karibu nasi. Kenya imezalisha umeme wa upepo kwa miaka zaidi ya 30, kwa mafanikio na kwa makosa ambayo yote yamewekwa wazi mbele ya umma.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi upepo unavyogeuzwa kuwa umeme, kisha kufuata historia ya kazi hiyo nchini Kenya, na mwishoni kuonyesha yanayotuhusu sisi wa mwambao wa kaskazini wa Tanganyika. Hoja yetu kuu ni kwamba huko Kenya upepo wenyewe ulikuwa sehemu nyepesi ya kazi. Mambo mazito yalikuwa mawili: waya wa kuufikisha umeme kwa mtumiaji, na ardhi ambayo mitambo husimama juu yake, pamoja na ridhaa ya watu wanaoishi katika ardhi hiyo.

2.0 Maneno yatakayotumika

Kabla ya kuendelea, yafaa tukubaliane juu ya maneno machache, maana baadhi ya mabishano kuhusu umeme huzuka kwa sababu wanaobishana wanatumia neno moja kwa maana mbili.

Wapo wanaokiita chombo kinachozalisha umeme wa upepo kinu cha upepo. Neno hilo linaeleweka, lakini kinu ni chombo cha kutwangia au kusagia, na chombo tunachokizungumzia hakisagi kitu. Hapa tutatumia mtambo wa upepo. Vile vipande virefu vinavyozunguka tutaviita mapanga, kama watu wanavyosema mapanga ya feni.

Maneno mengine mawili ni uwezo na uzalishaji. Uwezo wa mtambo hupimwa kwa kilowati au megawati (megawati 1 ni kilowati 1,000), nao ni kiasi cha juu ambacho mtambo unaweza kutoa kwa wakati mmoja. Uzalishaji hupimwa kwa kilowati-saa, nao ni umeme uliopatikana kweli katika muda fulani. Tofauti yake ni kama ile iliyopo kati ya ukubwa wa ndoo na idadi ya ndoo zilizochotwa. Mtu akitangaziwa kituo cha megawati 100 ameambiwa ukubwa wa ndoo tu. Bado hajaambiwa kisima kina maji kiasi gani, wala kama kuna njia ya kuyafikisha maji hayo nyumbani.

3.0 Upepo unavyogeuka umeme

Upepo ni hewa inayotembea, na hewa ina uzito. Inapoyapiga mapanga huyazungusha; mapanga huzungusha mhimili; mhimili huzungusha jenereta iliyo juu ya mnara, na jenereta hutoa umeme. Mapanga hayawezi kuchukua nguvu yote iliyomo ndani ya upepo, kwa sababu hewa ikisimama kabisa nyuma ya mtambo, hewa nyingine haitapata pa kupita. Kanuni iliyotolewa na Mjerumani Albert Betz katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 inaonyesha kwamba kikomo ni takriban asilimia 59.

Jambo la kukumbuka zaidi ni uhusiano kati ya kasi ya upepo na nguvu yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili bali mara nane. Kasi ikiongezeka mara tatu, nguvu huongezeka mara ishirini na saba. Kwa hiyo mahali penye upepo wa wastani wa mita 11 kwa sekunde hapatofautiani kidogo tu na mahali penye mita 5 na nusu. Sehemu hizo mbili haziwezi kulinganishwa hata kidogo kibiashara, ingawa mtu aliyesimama hapo angesema tu kwamba zote zina upepo.

Upepo mkali pekee hautoshi. Mitambo ya aina iliyotumiwa nchini Kenya huanza kutoa umeme kasi inapofikia karibu mita 4 kwa sekunde, na hujizima yenyewe kasi inapofika mita 25 ili isivunjike. Dhoruba fupi inayopindua mitumbwi jioni moja kisha ikatulia haina faida kubwa kwa mtambo. Kinachotakiwa ni upepo wa nguvu ya kati, unaodumu saa nyingi, siku nyingi, mwaka baada ya mwaka. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu la wanafunzi wangu.

4.0 Mwanzo wa kazi nchini Kenya

Matumizi ya upepo si mageni kwa Waswahili. Majahazi ya pwani yalisafiri kwa karne nyingi kwa kufuata kaskazi na kusi. Bara nako, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, karakana moja ya Thika ilitengeneza mashine za upepo za kuvuta maji visimani, zilizopewa jina la Kijito. Mashine hizo hazikuzalisha umeme, lakini zilionyesha kwamba chombo cha upepo kinaweza kutengenezwa na kukarabatiwa hapahapa Afrika Mashariki.

Umeme wa upepo uliounganishwa na gridi ya taifa ulianza mwaka 1993, mitambo miwili iliyotolewa msaada na serikali ya Ubelgiji iliposimamishwa kwenye vilima vya Ngong, karibu na Nairobi. Uwezo wake wote ulikuwa kilowati 350, yaani kiasi kidogo sana. Mwaka 2009 shirika la KenGen lilizindua mitambo mipya sita, kila mmoja wa kilowati 850, na kufikisha megawati 5.1. Upanuzi uliofuata, uliokamilika mwaka 2015, ulikifanya kituo cha Ngong kifikie megawati 25.5. Ngong ilikuwa na bahati mbili ambazo hazikuonekana kuwa bahati wakati ule: mji mkuu na nyaya zake vilikuwa karibu, na hatua za ujenzi zilikuwa ndogo.

5.0 Ziwa Turkana

5.1 Upepo

Kaskazini mwa Kenya, milima ya Uhabeshi na nyanda za juu za Kenya huacha kati yake bonde pana. Hewa inayotoka upande wa Bahari ya Hindi hubanwa katika bonde hilo na kuongeza kasi, kama maji ya mto yanavyokwenda mbio yanapopita kati ya miamba miwili. Wataalamu wa hali ya hewa J. H. Kinuthia na G. C. Asnani waliueleza mkondo huo wa upepo mwaka 1982. Wafugaji wa Kirendille, Wasamburu na Waturkana, pamoja na wavuvi wa El Molo, walikuwa wakiujua tangu zamani bila kuuandika.

Kampuni iliyokusudia kuutumia upepo huo ilianzishwa mwaka 2006. Mradi wake, katika eneo la Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, una mitambo 365 ya kilowati 850 kila mmoja, yaani megawati 310 hivi. Gharama yake ilikuwa karibu euro milioni 620. Wahandisi walitarajia kwamba kwa mwaka mzima mitambo ingezalisha zaidi ya asilimia 60 ya kile ambacho ingezalisha kama ingefanya kazi kwa nguvu zote bila kupumzika. Sehemu nyingi za nchi kavu duniani hazifikii hata asilimia 40. Kwa upande wa upepo, basi, ilikuwa vigumu kupata mahali bora zaidi.

5.2 Waya

Lakini Loiyangalani iko mbali na mtumiaji. Ili kuyafikisha mapanga na minara kwenye eneo la ujenzi, ilibidi itengenezwe barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis. Ili kuutoa umeme, ilibidi ujengwe waya wa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, kusini. Kazi ya waya ilikuwa ya serikali, na kazi ya mitambo ilikuwa ya kampuni.

Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilijiondoa katika mradi kwa kuhofia kwamba Kenya ingejifunga kununua umeme ambao isingeweza kuutumia. Wafadhili wengine, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikiwa mbele, waliendelea, na ujenzi ulianza mwaka 2014. Mitambo yote ilikuwa imesimama mwaka 2017. Waya haukuwa tayari. Kampuni ya Kihispania iliyopewa kazi hiyo ilifilisika, na ilibidi wajenzi wa Kichina waikamilishe. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja mitambo 365 ilisimama katika upepo mkali kuliko wote wa Kenya bila kuwasha taa hata moja, na serikali ikalazimika kuilipa kampuni fidia ya mabilioni ya shilingi. Umeme ulianza kuingia katika gridi mwezi Septemba 2018, na Rais Uhuru Kenyatta alizindua kituo mwezi Julai 2019.

Hata baada ya waya kukamilika, tatizo la saa lilibaki. Upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu zaidi usiku na alfajiri, wakati watu wamelala na viwanda vingi vimefungwa. Katika saa hizo gridi hushindwa kupokea umeme wote uliopo, na mkataba humdai mnunuzi alipe hata umeme ambao angeweza kupewa lakini hakuuchukua. Tena gridi inahitaji uwiano kila sekunde: kituo kikubwa kikitoka ghafla, vingine vinaweza kukifuata. Mwezi Agosti 2023 giza lilipoenea karibu nchi nzima, kampuni ya usambazaji ilikitaja kituo cha Turkana kuwa chanzo, nacho kituo kikajibu kwamba kilitolewa na hitilafu iliyoanzia kwenye gridi yenyewe.

5.3 Ardhi

Kampuni ilipewa ardhi ya ekari 150,000. Mitambo yenyewe inakalia sehemu ndogo tu ya ekari hizo, na mifugo bado inaweza kupita kati ya minara. Kwa mtazamo wa mhandisi, hakuna aliyenyang'anywa kitu. Kwa mtazamo wa mfugaji, ardhi iliyokuwa ya jamii nzima iligeuka kuwa na hati yenye jina la mtu mwingine.

Mwaka 2014 wakazi walifungua kesi. Mwezi Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi iliyokaa Meru iliamua kwamba hati hizo zilipatikana bila kufuata sheria iliyolinda ardhi ya jamii, ikatoa mwaka mmoja ili kasoro zirekebishwe. Mwaka 2023 mahakama hiyo ilikataa kuongeza muda. Kampuni kwa upande wake ilishikilia kwamba ilifuata taratibu zilizokuwapo. Hatukusudii kuwa mahakimu hapa. Tunachokiona ni kwamba kituo kikubwa kama hicho kilijengwa, kikazinduliwa na rais, kikauza umeme, huku swali la kwanza kabisa, la nani amekubali, likiwa bado mahakamani.

6.0 Kinangop na Kipeto

Ili msomaji asidhani kwamba Turkana ni ajali ya mahali pamoja, tutazame sehemu nyingine mbili.

Kinangop, katika kaunti ya Nyandarua, ulipangwa mradi wa megawati 61 hivi. Fedha zilikuwapo na mitambo ilikwisha kuagizwa. Lakini Kinangop ni nchi ya wakulima wenye mashamba madogo, na wengi waliogopa kupoteza ardhi, kelele za mitambo, na madhara ya afya ambayo hakuna aliyewaeleza wakaridhika. Maandamano yalizuka na maisha ya mtu yakapotea. Mwezi Februari 2016 mradi ulifutwa. Upepo wa Kinangop bado unavuma kama zamani.

Kipeto, katika kaunti ya Kajiado, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wamasai wenye hati za mashamba waliikodisha kampuni ardhi badala ya kuiuza. Wanalipwa kodi, wanapata sehemu ya mapato, na jamii ya mahali hapo ina mgawo wake. Hata tai walikumbukwa: kwa sababu eneo hilo liko karibu na mahali wanapozaliana tai wa aina zinazotoweka, waangalizi huagiza mtambo uzimwe ndege anapoukaribia. Kituo hicho cha megawati 100 kilianza kuuza umeme mwaka 2021. Hatusemi kwamba Kipeto hakuna malalamiko. Tunasema kwamba makubaliano yalitangulia minara.

Tukijumlisha Ngong, Turkana na Kipeto, tunapata uwezo wa megawati 435 hivi, na katika miaka ya karibuni upepo umetoa takriban sehemu moja kati ya sita au saba ya umeme wa Kenya. Hayo ni mafanikio makubwa kwa nchi ambayo mwaka 1993 ilikuwa na kilowati 350.

7.0 Suala la lugha

Ridhaa haipatikani bila lugha, na hapa ndipo mwanaisimu anapoingia. Mikataba na hati za Kenya huandikwa kwa Kiingereza. Mfugaji wa Marsabit huzungumza Kirendille, Kisamburu au Kiturkana nyumbani, na Kiswahili anapokutana na wengine. Mtu akiulizwa kwa lugha asiyoimudu kama anakubali, kichwa chake kinaweza kuinama kwa adabu tu, wala si kwa kukubali.

Kwetu hali inafanana, ila mahali pa Kiingereza ni pa Kifaransa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973, inayosema kwamba ardhi ni mali ya Serikali, imeandikwa kwa Kifaransa. Mkulima wa bonde la Ruzizi anaifahamu ardhi hiyo kwa Kifuliru au Kivira, na huijadili na jirani yake kwa Kiswahili. Kukodisha, kuuza, kutoa haki ya kupita na kuazima ni mambo manne tofauti, lakini katika mazungumzo ya kila siku yote manne huweza kuitwa kutoa shamba. Atakayeleta mtambo, wa upepo au wa aina nyingine, atapaswa kuyatenganisha kwa maneno ambayo mzee wa kijiji anaweza kuyarudia mbele ya watoto wake. Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Kazi ya kuandaa maneno hayo ni ya idara kama zetu, nayo haihitaji euro milioni 620.

8.0 Yanayotuhusu

Turudi Uvira. Umeme wetu unatoka katika mto Ruzizi, unaoyachukua maji ya Ziwa Kivu na kuyaleta katika ziwa letu. Ruzizi ya kwanza ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na uwezo wake haufiki megawati 30. Ruzizi ya pili, ya mwaka 1989, ina megawati 43.8 ambazo Kongo, Rwanda na Burundi hugawana. Kwa nchi nzima, ni takriban mtu mmoja tu katika watano anayepata umeme. Sheria ya mwaka 2014 imewaruhusu wawekezaji binafsi kuingia katika kazi hii. Kwa hiyo siku ya kuja mtu na ramani mkononi si ya kuwaziwa tu.

Ziwa Tanganyika, kama Turkana, limo katika bonde la ufa na lina milima pande zake. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu; usiku hushuka kutoka milimani kwenda ziwani; na kiangazi huongezwa na upepo wa kusini-mashariki. Kufanana huko kunatosha kutufanya tuulize, lakini hakutoshi kutufanya tujenge. Kwa kuwa nguvu ya upepo hubadilika sana kwa tofauti ndogo ya kasi, hakuna njia ya mkato: mnara wa kupimia lazima usimame mahali panapokusudiwa kwa mwaka mmoja au zaidi, kiangazi na masika, usiku na mchana.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kuligeuza jambo la asili kuwa umeme ni kazi yenye sehemu tatu, na kwamba Kenya ilipata taabu pale ambapo sehemu moja ilitangulia nyingine. Kutokana na hayo, tunapendekeza maswali matatu ambayo mwanafunzi wa Uvira, mvuvi wa Kalundu au chifu wa bondeni anaweza kumwuliza yeyote atakayekuja na habari za mitambo. Je, upepo umepimwa hapa, kwa muda gani? Waya utajengwa na nani, utafika wapi, na nani atalipa ukichelewa? Ardhi ni ya nani, amekubali nini hasa, na alielezwa kwa lugha gani?

Maswali hayo hayahitaji shahada ya uhandisi. Yanafaa pia kuulizwa juu ya bwawa, mgodi au bandari. Kama msomaji atayaweka katika Kiswahili kilicho bora kuliko hiki, na kuyafikisha kwa wasiosoma jarida hili, makala haya yatakuwa yametimiza lengo lake.